SOMO: Kubadilisha oksijeni sensa ya IST mwenyewe nyumbani (na kujua kama ndo mbovu kweli)

Wakuu habari za wikendi. Juzi niligusia kwamba nimebadilisha oksijeni sensa ya Toyota IST yangu uani kwangu bila fundi, tangu hapo ni maswali tu, kwa hiyo naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena namtupia hii. Gari yangu ni NCP61, injini 1NZ ile ya 1500, ila Raum au Fielder yenye injini hiyo hiyo haipishani sana.

Hiyo sensa ukiiona ni kama plagi flani ina mkia wa waya, imefungwa kwenye ekzosi. Kazi yake ni kunusa moshi, oksijeni imebaki kiasi gani, afu inapeleka volti kwa kontroo boksi (kompyuta ya injini). Mafuta yakizidi inapanda karibu 0.9, hewa ikizidi inashuka karibu 0.1, na ikiwa nzima injini ikishapata moto inapanda na kushuka muda wote haitulii. Haifanyi kazi mpaka ifike joto la nyuzi 300 na kitu ndo maana ndani wameweka hita. Ikifa, kontroo boksi inapiga mafuta kwa kukadiria tu, hapo ndo unaanza kuona gari inakunywa, masizi kwenye ekzosi na harufu ya petroli asubuhi.

SASA KABLA HUJAENDA KARIAKOO soma hapa, maana mi niliumia. Mara ya kwanza taa iliwaka, mashine ya kupimia ikasoma namba ya hitilafu P0171 (hewa imezidi), fundi akasema sensa, nikanunua nikafunga, siku mbili taa hiyo tena. Kumbe mpira wa hewa unaotoka kwenye eya klina ulikuwa umepasuka upande wa chini, injini inavuta hewa ya wizi, na sensa ilikuwa inasema ukweli mtupu kwamba hewa imezidi. Mjumbe hauawi wakuu, mi nilimuua na hela nikalipa. Kwa hiyo ukiona P0171 anza na mipira ya hewa, hewa sensa (inayopima hewa inayoingia) chafu, presha ya pampu, sio kukimbilia spea.

Kodi (sio ya TRA, ni hizo namba za hitilafu) zinazoigusa sensa yenyewe ni kama P0135, hita ya sensa ya mbele, na P0141 ya ile ya nyuma baada ya masega (kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi). Na hapo napo usinunue kwanza, chomoa soketi yake, upande wa sensa tafuta waya mbili za rangi moja, kwenye Denso ni nyeusi mbili, hizo ndo za hita. Pima kwa multimita sehemu ya omu. Ikisoma omu chache au kumi na kitu hita ipo hai, nenda kaangalie fyuzi na waya. Isiposoma kitu kabisa imekatika, hapo sawa nunua.

Kununua: nenda na namba iliyoandikwa kwenye sensa ya zamani, usiende na jina la gari. Kuna gari zinatumia oksijeni sensa na zingine zinatumia ile ya A/F (uwiano wa hewa na mafuta), kwa macho zinafanana ila kazi tofauti, ukichanganya gari haitatulia. Na zile zisizo na soketi za kuunga waya mi sizipendi.

Vifaa: spana ya 22, ikiwezekana ile soketi maalum yenye mwanya wa kupitisha waya, WD-40, glavu, tochi. Basi.

1. Washa injini dakika kama tano hivi afu zima. Chuma kikiwa na uvuguvugu nati inaachia, kikiwa baridi inagoma, kikiwa moto utaungua wewe. Toa negativu ya betri.

2. Kwenye 1NZ ekzosi iko nyuma ya injini, upande wa ukuta wa kabini, kwa hiyo ya mbele utajikunja kweli kweli. Mi nilitoa bati la kuzuia joto kwanza, boliti zake zina kutu usizilazimishe. Ukiona bora uingilie chini, weka stendi, USILALE CHINI YA GARI KWA JEKI TUPU, hili sitanii.

3. Chomoa soketi ya waya, bonyeza kilimi, usivute waya.

4. Pulizia WD-40 kwenye nyuzi, kanywe chai, rudi pulizia tena. Fungua taratibu, ikikaza ghafla rudisha kidogo ndani afu endelea kutoa. Ukitumia nguvu za hasira utatoka na nyuzi za ekzosi na hapo ni kwa wachomeleaji.

5. Sensa mpya usiidondoshe na usiguse kichwa chake. Nyingi zinakuja zimeshapakwa dawa ya nyuzi, kama haina paka kidogo ile ya kuzuia kutu kwenye nyuzi TU. Anzia kwa mkono mpaka iingie yote ndo uweke spana. Wenye toki renchi ni kama 44 Nm, wengine kaza imara ila usiirukie.

6. Rudisha soketi, funga waya mbali na ekzosi, rudisha betri, futa kodi, tembea.

MASWALI

mzee_wa_vitz: Mkuu siwezi kuisafisha tu kwa petroli nikairudisha?
Jibu: Hapana kaka. Masizi ya juu yanaungua yenyewe gari ikitembea, ikishachoka ndani hakuna cha kusafisha. Na kama injini inakula oili, hata sensa mpya nayo itakufa, anza na hiyo.

dada_fielder: Samahani fundi, nimeweka grisi ndani ya soketi maji yasiingie, ni sawa?
Jibu: Toa dada yangu. Hizi sensa nyingi zinavuta hewa safi ya kulinganishia kupitia kwenye waya wenyewe, ukiziba inasoma uongo. Ndo sababu hata kuunga kwa risasi siungi mkono.

kijana_wa_mbagala: Kimashine changu cha bluetooth hakisomi kabisa IST yangu, nimekula hasara?
Jibu: Gari za Japani za miaka hiyo nyingine hazielewani na hivyo vimashine. Unaweza kuunganisha tundu namba 4 na 13 za ile soketi ya kuchomekea mashine kwa kiwaya, washa swichi bila kuwasha injini, uhesabu taa ya injini inavyokonyeza, mbili afu moja yaani 21 ni oksijeni sensa. Ila namba 16 ina moto wa betri muda wote, ukikosea tundu usinitaje.

mdau_moro: Fundi wangu anasema tutoe masega tu tusahau sensa
Jibu: Ya mbele inabaki inahitajika vile vile, haihusiani na masega. Muulize masega anayapeleka wapi akishatoa 😂