Mteja akifoka mezani, msogeze pembeni kwanza
Walinzi wenzangu wa kasino, mteja aliyeliwa pesa akianza kumfokea mgawa karata, usimkabili uso kwa uso. Simama ubavuni mwake, mikono yako ionekane, umwambie kwa sauti ya chini: “Bosi wangu, naomba tusogee hapa pembeni nikusikilize.” Mbele ya watu anatetea heshima yake, akishatoka mezani hana wa kumwonyesha, hasira hushuka haraka. Pembeni pawe panapoonwa na kamera, maana baadaye anaweza kudai umempiga. Chipu zake, vile vidude vya kuchezea badala ya pesa, azichukue mwenyewe, wewe usiziguse kabisa! Kwa aliyelewa chakari au aliyeshika chupa mbinu hii haifanyi kazi: kaa mbali, ita wenzako kwa redio.