Antena moja, vyumba vitatu: kufunga antena na kugawa mawimbi nyumbani

Nyumba nyingi ninazoitwa hapa Pemba, antena ni nzima na televisheni ni nzima. Ubovu upo pale mtu alipokata waya kwa kisu, akasokota nyuzi kwa vidole, akavisha tepu nyeusi na kuona inatosha. Miezi miwili mbele, hewa ya chumvi imeshaingia, shaba imegeuka kijani na picha inakatika. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye maungio kuliko kwenye antena yenyewe.

Kwanza jua unagawa nini

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Ukigawa waya wa antena, kila chumba kinapata mawimbi mabichi, na kila televisheni inahitaji king'amuzi chake, au iwe na king'amuzi cha ndani kinachopokea matangazo ya dijitali ya antena. Hapo baba ataangalia taarifa ya habari ukumbini na watoto wataangalia katuni chumbani. Ukigawa kile kinachotoka kwenye king'amuzi kimoja, vyumba vyote vitaona chaneli ile ile, na mwenye rimoti ndiye mwenye amri. Chaneli za kulipia pia hazifunguki kwa kugawa waya, kwa sababu kila king'amuzi kina malipo yake. Waeleze wenye nyumba mapema, kabla hujatoboa ukuta.

Mwongozo huu ni wa njia ya kwanza.

Vifaa

Antena ya nje ya UHF (masafa ya televisheni), ile yenye vijiti vifupi vya sentimita 20 hadi 30 hivi. Paipu la chuma la maji lenye rangi ya zinki, inchi moja na robo. Waya wa antena aina ya RG6, wa omu 75, wenye kiini cha shaba. Wa RG59 ni mwembamba na unakula mawimbi zaidi. Koneta (vichwa vya waya) za kuzungusha za saizi ya RG6, splita ya njia tatu, yaani kigawio cha kutoa waya mmoja kuwa mitatu, tepu ya mpira inayojishika yenyewe, silikoni, vibanio vya waya na spana. Nunua waya uzidi kipimo chako kwa mita tano. Waya uliopelea ndio unaozaa kiungo katikati ya dari, na hicho kiungo hakuna atakayekumbuka kilipo.

Hatua ya 1: Tafuta mahali kwa televisheni, si kwa macho

Kisiwa chetu ni vilima na mabonde. Nyumba mbili zinazopakana zinaweza kutofautiana kabisa, moja ipo juu ya mgongo wa kilima na nyingine imezama nyuma yake. Anza kwa kutazama antena za majirani zimeelekea wapi, na vijiti vyao vimelala au vimesimama. Kama vimelala, laza vyako. Ukivisimamisha utapoteza sehemu kubwa ya mawimbi.

Kabla hujapanda, angalia nyaya za umeme. Paipu likianguka lisiweze kuzifikia. Juu ya mabati kanyaga penye misumari, ndipo penye boriti, na usipande mabati yakiwa na umande.

Mweke kijana mbele ya televisheni na simu mkononi, afungue ukurasa wa king'amuzi unaoonyesha nguvu na ubora wa mawimbi. Sisi tuliokulia na TVZ, televisheni ya Zanzibar iliyoanza kuonyesha rangi mapema miaka ya 1970, tulizoea kuzungusha antena hadi chenga zipungue. Dijitali haina chenga. Ina picha safi, au vipande vya mraba, au kiza. Kwa hiyo zungusha kidogo, kiasi cha upana wa vidole viwili, kisha subiri sekunde kumi king'amuzi kisome. Ukizungusha haraka utapita penye mawimbi usijue. Na kati ya zile namba mbili, amini ubora. Nguvu inaweza kuwa 90 na ubora 20, picha isikae.

Jaribu pia kusogea mita mbili kushoto au kulia. Mnazi mmoja mbele ya antena unatosha kukuharibia: makuti yakilowa yanazuia mawimbi, na upepo wa kusi ukivuma picha inakatika kila yanapopepea. Antena ikae angalau mita moja juu ya mabati.

Hatua ya 2: Funga paipu lisigeuke

Vibanio viwili ukutani, viachane nusu mita au zaidi. Kibanio kimoja hakitoshi, kusi italigeuza paipu pole pole na wewe utalaumu king'amuzi. Ziba mdomo wa juu wa paipu maji yasiingie, kisha pitisha waya wa ardhi kutoka kwenye paipu hadi kwenye fimbo ya shaba iliyopigwa chini. Hiyo haizuii radi ikipiga moja kwa moja. Radi za masika zikianza, chomoa umeme na waya wa antena pia.

Hatua ya 3: Kichwa cha waya

Hapa usiwe na haraka. Menya ganda la nje kiasi cha sentimita moja na nusu bila kukata nyuzi za ndani. Kunja nyuzi zile zote kwa nyuma juu ya ganda. Kisha menya ile plastiki nyeupe inayozunguka kiini, uache kiini kitupu. Kagua kwa tochi: uzi mmoja tu ukigusa kiini cha katikati, mawimbi yamekwisha hapo. Zungusha koneta mpaka ile nyeupe ilingane na sakafu ya koneta, kiini kichomoze milimita tatu hivi kupita mdomo wake.

Kwa vichwa vya nje, kaza kwa spana taratibu, zungusha tepu ya mpira ukianzia chini kwenda juu ili maji yateleze kama kwenye makuti ya paa, halafu pakaa silikoni. Maji yakiingia juu hayabaki juu. Yanafuata nyuzi ndani ya waya mpaka chini, na nimewahi kufungua koneta nyuma ya king'amuzi yakadondoka matone.

Waya ukifika penye tundu la ukuta, uache uning'inie kidogo kama tumbo kabla ya kuingia, mvua idondokee pale. Usiukunje kwa pembe kali.

Hatua ya 4: Pima kabla ya kugawa

Ingiza waya wa antena moja kwa moja kwenye king'amuzi cha ukumbini. Andika namba za nguvu na ubora kwenye karatasi. Kama hapa ubora ni mbaya, splita haitautengeneza, rudi juu.

Hatua ya 5: Gawa

Chukua nyumba ya kawaida: ukumbi, chumba cha wazee, na chumba cha watoto uwani. Upotevu wa mawimbi hupimwa kwa desibeli. RG6 inapoteza takriban desibeli 2 kila mita 10. Kutoka antena hadi splita mita 12, kutoka splita hadi uwani mita 20, jumla desibeli 6 na kidogo. Splita ya njia tatu inakula nyingine 6 hivi. Jumla 12. Kila desibeli 3 zikipotea nguvu inabaki nusu, kwa hiyo watoto wa uwani wanapata sehemu moja ya 16 ya kilichotoka kwenye antena. Nyumba iliyopo juu ya kilima itastahimili. Iliyopo bondeni haitastahimili.

Splita iweke ndani, pakavu, mahali unapofika kwa mkono, na kila chumba kiwe na waya wake mzima kutoka pale. Usifunge splita nyuma ya splita. Wala usinunue ya njia nane kwa kuwa na vyumba vitatu, unalipia upotevu. Tundu lisilotumika lifunge kwa kizibo cha omu 75.

Hatua ya 6: Busta, kama inahitajika tu

Busta ni kifaa cha kukuza mawimbi, na inakuza yote inayopewa, mawimbi mazuri na uchafu wake. Ndiyo maana inafungwa juu karibu na antena, kabla waya mrefu haujayadhoofisha. Ukiifunga chini nyuma ya televisheni inakuza kilichokwisha kuharibika. Na ukiwa karibu na mnara, busta itazidisha mawimbi hadi king'amuzi kishindwe kusoma. Iondoe na picha itarudi.

Busta ya juu hupata umeme kupitia waya ule ule wa antena, kutoka kwenye kiboksi kinachochomekwa ndani. Bwana mmoja wa Wete aliniita mara mbili: "Fundi, kila tukirudi msikitini baada ya isha, picha hakuna." Nilibadilisha koneta, nikazungusha antena, mchana kila kitu kizuri. Mara ya pili nilikaa hadi usiku. Kiboksi cha busta kilikuwa chumbani kwa mwanawe, naye akilala anazima swichi ya ukutani. Nyumba nzima ikawa kiza.

Weka kiboksi baina ya busta na splita, kwenye soketi isiyozimwa. Ikibidi kikae upande wa pili, baada ya splita, tafuta splita yenye tundu lililoandikwa kuwa linapitisha umeme, na uhakikishe ndilo ulilolitumia.

Hatua ya 7: Tafuta chaneli kila chumba

Washa televisheni zote kwa pamoja, tafuta chaneli upya katika kila moja, na andika namba za kila chumba kwenye ile karatasi. Ibandike nyuma ya televisheni ya ukumbini. Masika yakipita, soma tena. Vyumba vyote vikishuka kwa pamoja, panda juu ukakague kichwa cha antena. Kikishuka chumba kimoja, fuata waya wa chumba hicho tu, anzia kwenye splita.