Viza ya KAZA: jinsi ya kuiomba ukienda Mosi-oa-Tunya

Maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yanayoitwa pia Victoria Falls, yako mpakani mwa Zambia na Zimbabwe. Jina lenyewe Mswahili anaelewa nusu yake bila kufundishwa: mosi ni moshi, na maana yake ni moshi unaonguruma. Upande wa Zimbabwe unayaona maji kwa mapana yake, sehemu kubwa ya mita 1,708. Upande wa Zambia unayasogelea mpaka yanakulowesha. Kwenda hadi huko ukaishia upande mmoja ni hasara kubwa.

Tuanze na pasipoti. Ukiwa na ya Tanzania au ya Kenya, huhitaji viza ya utalii Zambia wala Zimbabwe. Unagongewa muhuri, unavuka. Shida huja kwenye familia zetu za siku hizi, ambapo ndugu mmoja ana pasipoti ya Tanzania na mwingine amechukua ya Uingereza, Marekani, Kanada au Ujerumani. Zambia imewaondolea viza raia wa nchi nyingi za Magharibi, lakini Zimbabwe bado inawadai. Hao ndio wanaohitaji KAZA.

KAZA ni viza moja inayotambuliwa na nchi zote mbili, iliyoanza kutolewa mwaka 2014. Bei yake ni dola 50 za Kimarekani, inadumu siku 30, na ndani ya siku hizo unavuka kwenda na kurudi mara nyingi utakavyo.

Kabla ya kuondoka nyumbani, hakikisha pasipoti ina miezi sita au zaidi kabla ya kuisha, na kurasa tupu zisipungue tatu. Anayetokea Kenya, Uganda au Kongo abebe kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kadi hiyo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo usichome jioni ya kuamkia safari. Ukishachanja, inatosha maisha yako yote. Beba pia dola taslimu, noti safi zisizochanika, kwa kila mtu kiasi chake kamili. Usitegemee kwamba mashine ya kadi itakuwa inafanya kazi au chenji itapatikana.

Njia ya kawaida ni kuiomba dirishani ukifika: viwanja vya ndege vya Lusaka, Livingstone, Harare na Victoria Falls, au mipakani kwenye daraja la Victoria Falls na Kazungula. Unajaza fomu ya kuingia, unaandika hoteli utakayolala, unapanga foleni.

Hapa ndipo pa kuwa macho. Itaje viza kwa jina, na uitaje kabla hujatoa hela: "Naomba KAZA." Wifi yangu mwenye pasipoti ya Uingereza alifika dirishani kwenye mpaka mmoja, akasema tu anaomba viza, akalipa, akabandikiwa stika ya kuingia mara moja. Tuligundua tukiwa tumekaa kwenye benchi nje, tunapanga safari ya kesho yake. Stika ikishabandikwa haibanduliwi. Ikambidi anunue nyingine aliporudi kutoka ng'ambo. Tangu siku hiyo nawaambia ndugu zangu: simama hapo hapo dirishani, fungua ukurasa, soma neno KAZA na tarehe ya mwisho, dai risiti, ndipo umpishe wa nyuma yako.

Viza hiyo inakuruhusu pia kwenda Botswana kwa siku moja kupitia Kazungula, ukatazame tembo wa hifadhi ya Chobe wakiogelea kuvuka mto. Sharti ni urudi siku hiyo hiyo. Ukilala Kasane, mji wa Botswana ulio jirani na Chobe, KAZA yako imekufa, na kurudi Zimbabwe utalipia viza mpya. Kwa hiyo kama unataka kulala Chobe, na kwa kweli panastahili, weka Botswana mwishoni mwa safari.

Kama haja yako ni kusimama darajani tu, lile la mwaka 1905, uhamiaji wana kikaratasi cha daraja. Unakiomba, unatembea, unakirudisha. Hakihesabiki kama kutoka nchini.

Kiingilio cha hifadhi ni kitu kingine kabisa na hulipwa kila upande, KAZA haikigusi. Kuhusu majira, mwezi wa nne maji huwa mengi mno, mvuke unafunika kila kitu. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja upande wa Zambia unaweza kubaki mwamba mtupu, kwa hiyo siku hizo elekeza muda wako Zimbabwe.

Ukienda maji yakiwa mengi, pasipoti itie kwenye kifuko kisichopitisha maji kabla hujaingia kwenye njia za maporomoko. Koti la mvua halitoshi, maji hupanda hata kutoka chini, na jioni utahitaji kurasa hizo zikiwa kavu darajani.