Namna ya kufanya kazi na muuguzi wa saratani, kuanzia dripu ya kwanza hadi nyumbani

Mgonjwa anayepata kemo (dawa kali za kuua seli za saratani, mara nyingi kwa dripu) humwona daktari kwa dakika chache, mara nyingi kila baada ya siku 21. Siku nyingine zote zinabebwa na watu wawili: muuguzi wa saratani na ndugu anayemuuguza nyumbani. Wawili hao wasipopashana habari, mgonjwa huteseka kwa mambo ambayo yana dawa. Mwongozo huu ni wa huyo ndugu.

Mjue sista wako kabla hujatoka getini

Hospitalini sare zinafanana, lakini kazi hazifanani. Muuguzi wa kemo ndiye anayeweka kanula (mrija mdogo unaoingizwa kwenye mshipa), anayeangalia majibu ya damu kabla dripu haijafunguliwa na anayekueleza madhara ya dawa. Muuguzi wa tiba shufaa (huduma ya kupunguza mateso ya ugonjwa) anashughulika na maumivu, kichefuchefu, vidonda, na yale mazungumzo ambayo familia inayakwepa. Taasisi kubwa kama Ocean Road pale Dar es Salaam ina kitengo kizima cha tiba shufaa. Kwenye hospitali ndogo huenda sista mmoja akafanya yote, tena siku moja moja kwa wiki. Watu wengi wakipelekwa tiba shufaa hudhani mgonjwa wao ameachwa afe. Sivyo. Mtu anaweza kupata kemo au mionzi na tiba shufaa kwa wakati mmoja, na anayeanza mapema mara nyingi huishi kwa nafuu zaidi.

Siku ya kwanza uliza mambo matatu: sista anaitwa nani, namba ya simu ya kitengo ni ipi, na usiku simu hiyo inapokewa na nani. Ipige palepale uone kama inaita. Namba iliyokosewa tarakimu moja huwa haigunduliki hadi saa nane za usiku.

Daftari moja, si karatasi kumi

Nunua daftari la kawaida la shule. Ukurasa wa kwanza andika aina ya saratani, majina ya dawa za kemo kama yalivyo kwenye faili, tarehe ya kila dripu, dawa nyingine anazotumia (za presha, sukari, ARV), na dawa zinazomdhuru. Mitishamba nayo iandikwe humo. Sista hakuulizi ili akugombeze. Baadhi ya mitishamba huliumiza ini au hugongana na kemo, na ini likichoka dozi inayofuata huahirishwa bila mtu kujua chanzo.

Siku ya dripu iite siku ya 1, kisha endelea kuhesabu. Kila siku andika joto la mwili, maumivu, choo, alichokula na dawa alizomeza. Maumivu yapime kwa vidole vya mkono: ngumi ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Muulize akiwa ametulia, kisha muulize tena akisimama au akijigeuza, kwa sababu majibu hutofautiana sana. Wazee wetu, hasa wanaume, ukiwauliza hali wanasema "namshukuru Mungu". Jibu zuri, lakini sista hawezi kuligeuza kuwa dozi. Vidole vinne vilivyoandikwa kwa siku tatu mfululizo, hivyo anaweza.

Kuna jambo jingine la kupanga na sista. Kabla ya kila mzunguko wa kemo damu hupimwa, na chembe nyeupe (zinazopigana na maambukizi) zikiwa chini, kemo inasogezwa mbele. Familia inayosafiri kutoka mbali hukasirika kuambiwa irudi wiki ijayo, na ina haki. Muulize sista kama kipimo cha damu kinaweza kufanyika hospitali ya wilaya siku moja au mbili kabla, majibu yakatumwa kwa simu. Vituo vingine hukubali. Wasiouliza ndio wanaopoteza nauli.

Kwenye kiti cha dripu

Mgonjwa aje amekula chakula chepesi na amekunywa maji, mkono ukiwa na joto ili mshipa uonekane. Kazi ya ndugu hapa ni moja: kuangalia mkono wenye kanula. Dawa nyingine, kama doksorubisini (ile nyekundu) na vinkristini, zikivuja nje ya mshipa huunguza nyama na zinaweza kuacha kidonda kibaya. Mgonjwa akihisi kuungua, kuwashwa au kukaza, au ukiona uvimbe, mwite sista sekunde hiyohiyo, hata kama amekwisha kukujibu mara tatu kwamba yuko sawa. Usiichomoe kanula wewe. Sista husimamisha dripu, hutumia kanula ileile kufyonza dawa iliyobaki, ndipo aitoe. Baada ya hapo huweka baridi kwa doksorubisini lakini joto kwa vinkristini, ndiyo maana usikimbilie barafu kwa kubahatisha.

Mkojo kuwa mwekundu siku moja au mbili baada ya doksorubisini ni rangi ya dawa, si damu. Ukiendelea zaidi ya hapo, toa taarifa.

Saa 48 za kwanza nyumbani

Mabaki ya kemo hutoka kwa mkojo, kinyesi na matapishi, hasa katika saa 48 za kwanza. Anayesafisha avae glavu. Choo cha kuvuta kifunikwe, kisha kivutwe mara mbili. Choo cha shimo kimwagiwe maji na kufunikwa. Shuka zilizochafuka zifuliwe peke yake. Mjamzito asizishike. Lakini kula naye, kumshika mkono na kulala chumba kimoja hakuna tatizo lolote. Saratani haiambukizwi kwa kugusana, na kumtengea kikombe chake kunamuumiza bure.

Mdomo unaweza kupata vidonda kuanzia wiki ya kwanza. Changanya nusu kijiko cha chai cha chumvi na nusu kijiko cha chai cha bikaboneti ya soda katika kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa, asukutue mara nne kwa siku na kutema. Magadi ya kupikia maharage si kitu kilekile, usiyaweke. Mswaki uwe laini.

Siku ya 7 hadi ya 14: homa

Hapa ndipo watu wanapopoteza maisha kwa kuchelewa. Kwa dawa nyingi za kemo, chembe nyeupe hushuka chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14. Bakteria ambaye wiki iliyopita angeshindwa na mwili, sasa anaingia kwenye damu ndani ya saa chache. Nunua kipimajoto cha kidijitali na ujifunze kukitumia mbele ya sista. Joto likifika nyuzi 38 za Selsiasi au zaidi, au mgonjwa akitetemeka kwa baridi hata kama kipimajoto kinasoma chini ya hapo, unakwenda hospitali saa hiyohiyo.

Makosa hapa ni yaleyale kila mara. La kwanza ni kumpa Panadol kwanza "tuone": joto linashuka, maambukizi yanaendelea, na ukifika kwa daktari kipimajoto kinasema hana homa. Pima, andika, ondoka. La pili ni malaria. Kwetu homa ni malaria mpaka ithibitike vingine, na kituo cha jirani kitapima malaria, jambo ambalo ni sawa. Lakini kipimo kikionyesha malaria haina maana hakuna maambukizi mengine, na kisipoionyesha si ruhusa ya kurudi nyumbani. Mgonjwa huyu anahitaji antibaiotiki za kwenye mshipa haraka, ikiwezekana ndani ya saa moja tangu afike.

Ukifika mapokezi usiseme "mgonjwa ana homa", utaelekezwa kwenye foleni. Sema hivi: "Huyu yuko kwenye kemo, leo ni siku ya 10, joto ni 38.4, sista wa saratani namba yake hii hapa." Fungua daftari. Dawa za kuingiza njia ya haja kubwa na enema (maji ya kusafisha utumbo yanayoingizwa huko) zikataliwe kipindi hiki, kwa sababu mkwaruzo mdogo pale ni mlango wa bakteria.

Mofini

Mofini ni dawa kali ya maumivu. Hakuna dawa inayoogopwa kama hii, na hakuna inayotumiwa vibaya kwa sababu ya woga kama hii. Haiharakishi kifo ikitolewa kwa kipimo. Mgonjwa wa saratani anayemeza mofini kwa ajili ya maumivu, kama alivyoandikiwa, ni nadra sana kugeuka teja. Uganda, tangu 2004, wauguzi waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa wanaruhusiwa kisheria kuiandika. Mahali pengine pengi lazima daktari asaini, kwa hiyo muulize sista anayesaini yuko siku zipi, ukaombe chupa mpya wakati ile ya zamani bado ina dozi za siku tano.

Mofini ya maji hufanya kazi kwa takriban saa nne. Ndiyo maana hutolewa kwa saa, si kwa kusubiri maumivu. Saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku. Dozi ya saa 4 usiku sista wengi huagiza iwe mara mbili, ili mgonjwa asiamshwe saa 8 usiku. Usiizidishe kwa uamuzi wako, iwe imeandikwa. Maumivu yakichomoza katikati, kuna dozi ya ziada, kwa kawaida sawa na ile ya kawaida ya kila baada ya saa nne, si ile ya mara mbili ya usiku. Andika kila unapoitoa. Zikifika tatu kwa siku, usisubiri tarehe ya kurudi. Piga simu, dozi ya kawaida haitoshi.

Sasa chukua chupa mkononi, usome lebo. Tuseme imeandikwa miligramu 5 katika mililita 5, na mgonjwa anatakiwa miligramu 5: unampa mililita 5. Mwezi ujao duka la dawa linakupa chupa ya miligramu 10 katika mililita 5. Dozi ileile sasa ni mililita 2.5, na aliyezoea "kijiko kimoja" amempa mara mbili. Kwa hiyo omba bomba la sindano lisilo na ncha, sista achore alama kwa kalamu pale dozi inapoishia, na kila chupa mpya ifunguliwe akiwepo au ukiwa naye kwenye simu. Vijiko vya jikoni havina kipimo kimoja.

Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia na huenda akahisi kichefuchefu; hupita. Kufunga choo hakupiti. Dawa ya kusaidia choo kitoke, kama bisakodili, inaanza siku moja na mofini na haiachwi. Wengi wanaoacha mofini wakisema imewashinda walishindwa na choo, si na mofini.

Akiwa mzito kuamka, akapumua chini ya mara 8 kwa dakika, mboni za macho zikiwa ndogo kama tundu la sindano, usimpe dozi inayofuata, piga simu. Chunguza pia kama mkojo umepungua: figo zikizembea, mofini hulundikana mwilini, na dozi iliyokuwa sawa wiki jana inakuwa kubwa mno leo.

Kidonda kinachonuka

Harufu humtenga mgonjwa kuliko maumivu. Bandeji iliyogandamana usiivute. Ilowanishe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita, mpaka iachie yenyewe. Kisha muulize sista kuhusu vidonge vya metronidazole (antibaiotiki) vilivyosagwa na kunyunyizwa juu ya kidonda. Ni njia rahisi, ya bei ndogo, na harufu hupungua ndani ya siku chache.

"Sista, asiambiwe"

Karibu kila familia huomba hivi mlangoni. Muuguzi mzoefu hakubali wala hakatai, anamuuliza mwenyewe. "Shikamoo bibi. Wewe umeuelewaje ugonjwa wako?" Kisha: "Ungependa nikueleze zaidi, au nizungumze na wanao?" Mara nyingi bibi anajua, na amekuwa akinyamaza ili asiwaumize ninyi. Mruhusuni sista aulize, mkae mkisikiliza. Mgonjwa anayejua hugawa mali yake, hudai madeni yake na huchagua pa kulala. Na kama akisema hataki kujua, hilo nalo ni jibu lake na sista ataliheshimu.

Simu ambayo haisubiri asubuhi

Mbali na homa, kuna maumivu mapya ya mgongo yakiambatana na miguu kulegea, ganzi, au kushindwa kuzuia mkojo. Huenda uvimbe unakandamiza uti wa mgongo. Akitibiwa angali anatembea ana nafasi nzuri ya kuendelea kutembea. Miguu ikishakufa, mara nyingi hairudi. Msimkande wala kumpeleka kwa mkandaji. Damu inayotoka bila kukoma na kupumua kwa shida ni vilevile.

Baada ya msiba

Mofini iliyobaki isimwagwe chooni wala isipewe jirani anayeumwa mgongo. Pima kwa bomba ni mililita ngapi zimebaki, andika kwenye daftari, rudisha chupa kitengoni, sista asaini. Siku hiyohiyo muulizeni nani katika familia apimwe: kwa saratani ya matiti, dada na mabinti; kwa ya shingo ya kizazi, uchunguzi kwa wanawake wote wa nyumba hiyo waliofikia umri wa kupimwa, na chanjo ya HPV (virusi vinavyosababisha saratani hiyo) kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.