Majani kibao, viazi viduchu: angalia udongo wako unakula nini

Kuna bustani ya viazi mviringo ukiipita lazima uisifie, majani kijani imekolea, mashina manene, halafu siku ya kuchimba mwenyewe anatoa vigololi. Watu wanakimbilia kulaumu mbegu, ila mara nyingi mchawi ni naitrojeni iliyozidi, yaani mtu kamwaga urea mfululizo akidhani majani mengi ndo viazi vingi. Mmea ukishiba naitrojeni unanogewa kuotesha majani na unachelewa kujaza viazi huko chini.

Kitu viazi vinachokula zaidi kuliko vyote ni potasiamu. Ikipungua utaona kwenye majani ya zamani kwanza, kingo zinakuwa za kahawia kama zimebabuka. Kama ni unjano katikati ya mishipa na mishipa yenyewe imebaki kijani, majani ya chini, hapo shuku magnesi ndo imepungua. Fosforasi yenyewe inatakiwa mapema, wakati wa kupanda, kwa sababu mizizi ya kiazi ni mifupi na haiendi kutafuta mbali.

Sasa samadi. Weka, tena usiibanie, kilo 2 hadi 3 kwa mita moja ya mraba inatosha kabisa, lakini iwe imeiva. Chota kiganjani: ikiwa bado ina joto, inanuka mavi au unatambua majani na nyasi zilizomo, irudishe kwenye lundo uigeuze uisubiri. Samadi mbichi inaunguza mizizi, inaleta na mbegu za magugu, na viazi vinatoka na vigaga kwenye ganda.

Halafu hili la majivu, hapa ndo wengi wanateleza. Ni kweli majivu ya kuni yana potasiamu, ila yanapunguza tindikali ya udongo, na viazi vinapenda udongo wenye tindikali kidogo, pH 5 mpaka 6 hivi (pH ni kipimo cha tindikali, namba ikipanda tindikali inapungua). Ukimwaga majivu au chokaa kila msimu pH inapanda na vile vigaga vinashamiri. Kwa hiyo pima kwanza: chimba sentimita 15 hadi 20 sehemu kadhaa za bustani, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, toa kidogo upeleke maabara, na usichukue udongo pale palipokuwa na lundo la samadi au majivu maana utajidanganya mwenyewe.

Mbolea ya kupandia (DAP, yenye fosforasi nyingi, au NPK, yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu) changanya na udongo kwenye mfereji kabla hujaweka mbegu, isigusane na kiazi moja kwa moja, itakiunguza. Ya kukuzia kama CAN, ambayo ni ya naitrojeni, weka kidogo miche ikifika sentimita 15 hadi 20, udongo ukiwa na unyevu, hapo hapo unapalilia na kuinulia udongo kwenye shina ili viazi visipigwe na jua vikawa vya kijani, hivyo vya kijani havifai kuliwa. Mimea ikishaanza kutoa maua achana na naitrojeni, hangaika na maji tu, maana udongo ukikauka hata mbolea iliyomo haifiki kwenye mizizi.

Na msimu ujao usirudishe viazi hapo hapo, wala nyanya, bilinganya au pilipili, hizo ni ukoo mmoja na magonjwa yao ni yale yale. Weka maharage au mahindi, ukae hivyo misimu kadhaa ndo urudi.