Dawa ya kurefusha kope na rangi ya jicho: mambo ya kuangalia

Kichupa uwe umekipata duka la dawa au saluni ya Kampala, anza na orodha ya viambato kwenye boksi. Tafuta jina lenye "prost": "bimatoprost", au ndugu yake "isopropyl cloprostenate"; hizo ndizo zinazoweza kubadili rangi ya jicho. Boksi lisilo na orodha, liache dukani.

Bimatoprost ilianza kama dawa ya presha ya macho. Wagonjwa wakaonekana kope zinarefuka, na mwaka 2008 Marekani ikaidhinisha ile ya asilimia 0.03 kwa ajili ya kope. Dawa hiyo inaweza kuzifanya seli za irisi, ule mviringo wa rangi unaozunguka mboni, zitengeneze zaidi melanini, yaani rangi ya asili ya mwili. Weusi huanzia karibu na mboni, ukatambaa polepole kuelekea nje, na ukishaingia kwa kawaida hautoki hata ukiacha dawa. Macho ya rangi mchanganyiko, kijani na kahawia kwa mfano, ndiyo hubadilika waziwazi. Kwa Waganda wengi wenye macho ya kahawia iliyokolea, badiliko hilo ni gumu kuliona. Utakachokiona mapema ni ngozi ya kigubiko cha jicho kuwa nyeusi. Hiyo kwa kawaida hupungua ukiacha.

Kwa hiyo piga picha kabla ya siku ya kwanza: mchana, karibu na dirisha, bila flashi wala kichujio cha urembo. Rudia hapo hapo kila wiki nne, uzilinganishe.

Usiku, nawa uso na vua lenzi. Tone moja kwenye brashi safi, pitisha kwenye mizizi ya kope za juu tu, kutoka pembe ya ndani kwenda nje. Usiidondoshe ndani ya jicho, na usipake kope za chini. Iliyozidi ifute mara moja kwa tishu, maana ikizoea kugusa shavu, vinyweleo huota hapo. Brashi itupe, jicho la pili lina brashi yake. Lenzi zisubiri dakika 15. Ukisahau usiku mmoja, usiongeze dozi kesho yake, haiharakishi kitu. Matokeo kamili huchukua wiki 16 hivi, na ukiacha, kope hurudi zilivyokuwa.

Mwenye presha ya macho amwambie daktari wake kwanza: dawa ya kope ikitumika pamoja na matone yake ya presha, inaweza kupunguza nguvu ya matone hayo. Na yale matone ya presha asiyaache kwa kuogopa rangi. Presha isiyotibiwa hupofusha. Jicho likiuma, likiwa jekundu sana au uoni ukififia, acha ya kope na uende kliniki ya macho siku hiyo hiyo, ukiwa na kichupa mkononi.