Anzia mlango wa nyuma: jinsi ya kusoma jumba la kale la mashambani Uingereza

Uso wa mbele wa jumba ulijengwa kwa ajili ya wageni, na kila mtindo ulipogeuka ndio uliovishwa nguo mpya kwanza. Nyuma hapakuwa na wa kumfurahisha, kwa hiyo viraka vya kila zama vimebaki wazi. Anzia huko. Beba futikamba ya mita 30 na nyingine ya mita 5, tochi kali, darubini ndogo, penseli na karatasi ya miraba.

Chora ramani ya sakafu ya chini kwa kipimo cha 1:100, na usichore ukuta wowote kama mstari mmoja. Pima unene wake kwenye kila mlango na kila dirisha. Ukuta wa milimita 700 uliokaa katikati ya nyumba, huku majirani zake wakiwa na 120, karibu kila mara ulikuwa ukuta wa nje wa nyumba ya awali. Pima pia kila chumba kona kwa kona, maana vyumba vya zamani ni nadra kuwa mraba kamili. Kisha jumlisha upana wa vyumba na unene wa kuta, ulinganishe na kipimo cha nje. Hesabu ikipungua kwa nusu mita au zaidi, kuna kitu kimefichwa: dohani, ngazi iliyozibwa au kabati lililopigwa plasta. Rudia kipimo kabla ya kufurahi. Futikamba iliyolegea huzaa ngazi nyingi za siri.

Sasa matofali. Pima kimo cha mistari minne pamoja na chokaa yake, si tofali moja moja. Matofali ya enzi za wafalme wa Tudor (1485–1603) ni membamba, kila moja kimo cha kama milimita 50 hivi, na hayalingani. Ya karne ya 19 hufika 65 au kupita. Tazama mpangilio pia. Mstari mzima wa vichwa (matofali yanayoonyesha ncha yake fupi) juu ya mstari mzima wa matofali ya kulala (yanayoonyesha upande mrefu) ndiyo kawaida ya zamani; kichwa na mlalo kupokezana ndani ya mstari mmoja kulienea kuanzia karne ya 17. Pale mshono unaposhuka wima bila matofali kupishana, jengo moja limeegemezwa kwenye jingine.

Kila mwenye nyumba atakuonyesha dirisha lililozibwa na kukuambia ni kodi ya madirisha. Kodi hiyo ilikuwepo kweli, toka 1696 hadi 1851, lakini madirisha mengi ya bandia yalijengwa hivyo tangu siku ya kwanza ili pande mbili za jengo zifanane. Tofauti huonekana kwenye kingo: matofali ya kujazia yakiwa ya rangi au kimo kingine, uwazi ulizibwa baadaye; yakiwa ya aina ileile, na ndani hakuna dalili ya fremu, halikuwa dirisha kamwe. Kimo cha madirisha nacho husema matumizi. Pale Hardwick Hall, Derbyshire, iliyojengwa kati ya 1590 na 1597, madirisha hurefuka kadiri unavyopanda, kwa sababu vyumba vya heshima viko ghorofa ya juu kabisa. Kwenye nyumba nyingi za karne ya 18 ghorofa ya juu ni ya watumishi, na madirisha yake ni mafupi.

Ukitaka kuona matumizi yakipandiana juu ya jengo moja, nenda Lacock Abbey, Wiltshire. Ilianza kama abasia ya watawa wa kike wa Augustino, jiwe la msingi likawekwa 1232. Ilifungwa 1539, na William Sharington akainunua. Alibomoa kanisa lakini akaacha baraza zenye matao zilizouzunguka ua, akafanya ghorofa ya juu yake kuwa makazi. Ndiyo sababu ukuta wa kusini wa nyumba ya leo ulikuwa ukuta wa kaskazini wa kanisa. Katika miaka ya 1750 ukaongezwa ukumbi wa mtindo wa Gothiki, ule wa matao yenye ncha wa Zama za Kati, miaka mia mbili baada ya watawa kuondoka. Anayetazama matao yenye ncha tu atauweka ukumbi huo katika karne isiyo yake. Mwaka 1835 William Henry Fox Talbot, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alipiga hapo negativu ya picha ya dirisha la ukumbi mrefu wa kusini, na 1944 nyumba ikakabidhiwa National Trust, shirika la hisani linalotunza majengo ya kale.

Panda darini, hapo ndipo penye utajiri. Makombamoyo yaliyopakwa masizi meusi yanaonyesha kwamba chini palikuwa na ukumbi usio na dari, moto ukiwaka katikati ya sakafu kabla ya dohani kujengwa. Tafuta alama za seremala, namba za Kirumi zilizokatwa kwenye maungio: zikifuatana, kenchi hazijahamishwa, zikiruka, kuna iliyoondolewa. Tundu tupu kwenye boriti lina maana kwamba kipande kilichoingia hapo kimeng'olewa. Halithibitishi kwamba mbao zilitoka kwenye meli, hata kama hadithi hiyo husimuliwa hadi maili mia kutoka baharini.

Kwenye vyumba, fuata nakshi ya plasta inayozunguka dari. Ikigonga ukuta na kukatika bila kupinda kona, ukuta huo ni mgeni, labda wa wakati nyumba ilipogawanywa kuwa shule, hospitali au fleti. Vita vya Pili vya Dunia viliacha makovu mengi ya aina hii; hata Chatsworth, jumba kubwa la Derbyshire, ilikuwa bweni la wasichana wa shule ya Penrhos College toka 1939 hadi 1946.

Kosa linaloharibu zaidi ni saruji. Tofali laini hupumua kupitia maungio ya chokaa. Ukiyaziba kwa saruji, unyevu hutafuta njia ya kutoka kupitia tofali lenyewe, baridi inaugandisha, na uso unabanduka. Kwaruza maungio kwa patasi, si kwa mashine ya kukata, kina kisichopungua mara mbili ya upana wake. Lowesha, jaza kwa chokaa moja na mchanga safi mara tatu, kisha funika kwa magunia yenye unyevu siku kadhaa. Joto likishuka chini ya nyuzi 5, subiri.

Kabla ya patasi ya kwanza, tafuta jengo kwenye orodha ya taifa ya majengo yanayolindwa, inayotunzwa na Historic England, taasisi ya umma ya urithi wa kale. Daraja ni I, II* na II, na zote tatu hulinda ndani kama nje, hata maelezo yakiwa mistari miwili isiyotaja chumba chochote. Majengo ya uani yaliyokuwepo kabla ya 1 Julai 1948 mara nyingi huhesabiwa pamoja nalo. Kubadili sura yake bila kibali cha halmashauri ni kosa la jinai, kwa hiyo mwulize ofisa wa uhifadhi kwa maandishi, na uambatishe ile ramani yako ya 1:100.